Namna ya kutengeneza vinegri ya ndizi nyumbani, na kupima asidi yake bila labo

Swali lilitoka kwa elev mmoja wa mwaka wa mwisho, huku kwetu Kadutu, mu Bukavu, siku moja mvua inapiga mabati mpaka tunasikilizana kwa shida. Mama yake alikuwa ameweka pilipili, chumvi na vinegri mu sufuria ya aluminiumu, akafunika, akalala. Asubuhi chini ya sufuria kuko vidoti vidoti, vishimo vidogo kama vya sindano. "Profe, ulitufundisha asidi ya vinegri ni asidi dhaifu. Sasa kama ni dhaifu, juu ya nini imekula sufuria ya mama?"

Nilimjibu vile iko ku kayee, ile ya pKa 4,76 (namba ya kuonyesha nguvu ya asidi), akaitika "ndiyo Profe", lakini nikaona ku macho hakuna kitu kimeingia. Shule yetu haina bireti (ile mrija ya labo ya kupimia asidi), chupa za asidi zilizobaki etiketi zimeshafutika, na hawa watoto wanaenda kufanya egzame ya Leta wanajua kuandika CH3COOH lakini hawajawahi kuigusa. Iliniuma. Basi tukaamua kuitengeneza wenyewe kutoka ndizi, halafu kuipima na bikarbonati ya kupikia na mizani ndogo, ile ya watu wa dhahabu. Ilichukua karibu miezi miwili na ule mtoto jibu yake aliipata, akaiona kwa macho. Naandika hapa vile tulifanya ili na weye ujaribu, uwe mwalimu, elev ama mama wa nyumba anayetaka tu vinegri nzuri.

Kwanza, hiyo asidi ni nini

Asidi karboksili zote ziko na kichwa na mkia. Kichwa ni kilekile siku zote: kaboni moja imeshika oksijeni mbili, moja kwa mikono miwili, ingine kwa mkono mmoja, na hiyo ya mkono mmoja imebeba hidrojeni. Tunaandika COOH. Mkia njo unabadilika. Kama mahali pa mkia kuko hidrojeni tu, ni asidi fomiki, HCOOH, ile chungu wengine wanakurushia (jina linatoka ku formica, njo chungu kwa Kilatini). Mkia wa kaboni moja, umepata asidi asetiki, CH3COOH, ya vinegri yetu. Mkia wa kaboni tatu ni asidi butiriki, harufu ya siagi iliyoharibika, ukishainusa mara moja huisahau. Na ukiendelea mpaka mkia wa kaboni 15 unafika ku asidi palmitiki, ambayo hata jina yake imetoka ku mti wa ngazi, na mu mafuta yetu ya mawese ile njo nyingi, inapita sehemu 40 kwa 100. Hiyo haiyeyuki mu maji tena, juu mkia wa mafuta umeshinda kichwa.

Sasa juu ya nini COOH inaachia hidrojeni wakati pombe, ambayo nayo iko na OH, haiachii? Hidrojeni ikitoka inaacha mzigo wa umeme hasi nyuma. Mu pombe huo mzigo unabaki ku oksijeni moja peke yake. Mu COOH, oksijeni mbili zinaugawana, sawa na watu wawili wanaobeba gunia moja ya makala kupanda mlima, hakuna anayechoka sana. Mzigo ukiwa mwepesi, hidrojeni inatoka kwa urahisi. Shika hapo, tutarudi.

Hatua ya 1: ndizi kuwa pombe

Tafuta ndizi zilizoiva mpaka ngozi iko na madoa meusi, zile ndogo tamu, kamaramasenge, ni nzuri sana, na ku soko jioni wanakuachia bei chini juu hazitafika kesho. Ukishamenya upate kilo 3. Ponda kwa mkono ulionawa vizuri ama kwa mwiko, ongeza litre 2 za maji yaliyochemka na kupoa, na gramu 100 za sukari. Halafu levire ya mikate, kijiko kidogo kimoja, umeiamsha kwanza mu maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Weka yote mu ndoo ya plastiki ya chakula ama bokali kubwa ya kioo. Tafadhali usichukue bido iliyowahi kubeba petroli, mafuta ya mashine ama dawa ya shamba, hata ukiosha mara 10, ile harufu na ile sumu inabaki mu plastiki. Na usichukue aluminiumu, hiyo tumeshaiona.

Funika bila kukaza, juu gesi inatoka nyingi. Levire inakula sukari na kutoa pombe na gesi ya kaboni, C6H12O6 inakuwa C2H5OH mbili na CO2 mbili. Koroga mara mbili kwa siku. Huku Bukavu tuko karibu mita 1500 juu na usiku ni baridi, kwa hiyo inaenda polepole, siku 6 mpaka 9 hivi, na ukiiweka mu kona ya jikoni mbali kidogo na mbabula inafurahi zaidi. Povu ikishatulia, chuja na kitambaa safi, kamua, yale makapi pelekea nguruwe.

Kama uko na haraka, nunua kasiksi (pombe ya ndizi) na uanze moja kwa moja na hatua ya 2, hakuna ubaya, lakini hutajua ndani kuko pombe kiasi gani. Kanyanga hapana. Pombe kali inaua wale wadudu wadogo tunaowataka, wengi wao wanachoka pombe ikipita sehemu 10 kwa 100.

Kitu kimoja cha ajabu: ile harufu ya ndizi yenyewe, ile inayojaza nyumba nzima, ni ya asetati ya isoamili, maana yake asidi asetiki iliyoshikana na pombe ya kaboni tano. Yaani ile asidi tunayoitafuta ilikuwa tayari mu harufu ya tunda, imevaa nguo ingine.

Hatua ya 2: pombe kuwa asidi

Hapa njo watu wengi wanapotea, na miye nilipotea. Mara ya kwanza nilitia ile pombe mu bido ya litre 5, nikaijaza mpaka juu, nikakaza kifuniko, nikangoja wiki 6. Nilipofungua ilikuwa bado pombe. Nilikuwa nimesahau kitu ninachoandika ku ubao kila mwaka: C2H5OH + O2 → CH3COOH + H2O. Ile O2 ya hapo katikati si mapambo. Kwa kila gramu 46 za pombe inatakiwa gramu 32 za oksijeni, na hiyo lazima ipite juu ya uso wa maji, hakuna njia ingine. Kwa hiyo chombo kiwe pana, si kirefu. Beseni ya plastiki ya chakula ni bora kuliko bido. Kina cha pombe kisipite urefu wa kiganja chako kimoja kilichofunguka, na mdomo ufunike na kitambaa chepesi, ukifunge na kauchu, hewa iingie, inzi wabaki nje.

Wale wanaofanya kazi ni bakteria wanaoitwa Acetobacter. Louis Pasteur njo alionyesha mu 1864 kwamba ni viumbe hai vinavyogeuza pombe kuwa vinegri, mbele ya hapo wakubwa wengi wa shimi walikuwa wanasema ni kazi ya hewa na pombe tu. Utawapata wapi? Kama kuko mtu anatengeneza vinegri ambayo haijapashwa moto, muombe kidogo, sehemu 1 kwa sehemu 4 za pombe yako. Ile ya duka haitakupa bakteria, juu imepashwa moto ama ni asidi iliyochanganywa na maji tu, lakini ukitia kidogo inasaidia kuzuia ukungu. Kama huna popote, acha kikombe cha kasiksi wazi kwa siku kadhaa pale ambapo vile vinzi vidogo vya matunda vinazunguka, maana hao wanabeba Acetobacter ku miguu, halafu ikianza kunusa uchachu toa inzi, chuja, na tumia hiyo kama mbegu. Inachukiza kidogo kusikia lakini ni njia ya zamani na inafanya kazi.

Bakteria hawa wanapenda joto ya 25 mpaka 30. Huku kwetu inatakiwa uvumilivu, wiki 5 mpaka 8. Kisha wiki moja ama mbili utaona utando juu, mweupe, laini, unateleza kama ngozi ya maziwa, baadaye unakuwa mnene kama jeli. Wanauita mama wa vinegri, ni selulozi ambayo bakteria wameisuka. Usiutoe, usiukoroge. Lakini ukiona manyoya, ya kijani, nyeusi ama pinki, huo ni ukungu, mwaga yote, osha chombo na maji yanayochemka, anza upya. Usijaribu kukwangua juu na kuendelea na ya chini.

Katikati ya safari utanusa kitu kama dawa ya kutoa vernis ku makucha. Elev wangu waliogopa, walifikiri imeharibika. Hapana. Pale kuko pombe bado na asidi imeshazaliwa, na zile mbili zikikutana kichwa cha asidi kinashikana na OH ya pombe, maji yanatoka, inabaki asetati ya etili, esta. Hiyo njo somo la esterifikasyo zima, linakuja lenyewe ku pua bila asidi ya sulfuriki wala balo. Kadiri pombe inaisha, harufu inapungua, na inabaki ile kali safi ya vinegri.

Hatua ya 3: kupima, hapa njo penyewe

Unahitaji siringi ya farmasi isiyo na sindano, bikarbonati ya kupikia, mizani ndogo ya dhahabu (muulize jirani anayefanya hiyo biashara, mara nyingi anakubali kukukopesha nusu saa), na maua mekundu ya hibiskusi, yale yanayopandwa ku uzio. Chukua petali za maua 4 ama 5, tia mu kikombe cha maji ya moto, ponda, chuja, utapata maji ya zambarau. Mu asidi yanakuwa mekundu, mu bezi (kinyume cha asidi) yanakuwa kijani. Rangi bure kabisa, imeota ku uzio.

Vuta mililita 50 za vinegri yako, tia mu bokali, ongeza maji safi kama kikombe kimoja ili rangi yake ya kahawia ipungue. Maji hayabadilishi hesabu, asidi ni ileile. Tia vijiko viwili vya rangi ya hibiskusi, yote inakuwa nyekundu. Sasa pima gramu 10 za bikarbonati ku karatasi na uanze kutia kwa ncha ya kijiko, kidogo, kidogo sana. Itachemka na kupanda povu, hiyo ni CO2:

CH3COOH + NaHCO3 → CH3COONa + H2O + CO2

Ngoja povu ishuke, koroga, tia tena. Itafika pahali povu inakuwa dhaifu na nyekundu inapauka kuelekea zambarau. Hapo weka bokali mu maji ya moto dakika chache, koroga, ili gesi iliyobaki itoke, juu nayo ikiyeyuka inafanya asidi kidogo na inakudanganya. Endelea chembe kwa chembe mpaka uone kijani ya kwanza ambayo hairudi. Simama. Pima bikarbonati iliyobaki ku karatasi, toa mu 10, na ile uliyotumia zidisha na 1,43. Umepata gramu za asidi mu mililita 100.

Hiyo 1,43 inatoka wapi: molekuli moja ya asidi inakula molekuli moja ya bikarbonati, yaani gramu 60 kwa gramu 84. Gawa 60 na 84 unapata 0,714. Na kwa sababu ulipima mililita 50 na tunataka 100, mara mbili. Sisi tulitumia gramu 3,1. Zidisha, ni karibu 4,4. Darasa lilipiga kelele kama wamefunga bao. Ndizi iko pia na asidi zingine kidogo, malaki na sitiriki, nazo zinahesabika humo, lakini kwa jikoni haina shida.

Na sasa sufuria ya mama

Mbele ya kupima niliuliza darasa: mu vinegri ya 5 kwa 100, kwa kila molekuli 1000 za asidi asetiki, ni ngapi zimeachia hidrojeni sasa hivi? Walisema nusu, wengine 100. Ni kama 5 tu, hazifiki hata. Zile 995 zingine zimekaa zimeshika hidrojeni yao, njo maana tunaiita dhaifu, na njo maana unaweza kuinywa mu saladi. Halafu tukatia bikarbonati. Kama zile 5 tu njo zingekuwa zinafanya kazi, povu ingekatika ku chembe ya kwanza. Haikukatika, iliendelea mpaka gramu 3. Juu kila mara bikarbonati inachukua zile hidrojeni zilizo huru, zingine zinaachiliwa kujaza nafasi, na zingine, na zingine, mpaka zote 1000 zimepita.

Ule mtoto alikaa kimya akiangalia ile povu, halafu akasema, "Kumbe sufuria ilikuwa inazichukua moja moja usiku mzima." Njo hivyo kabisa. Dhaifu maana yake inaachia kidogo kwa wakati mmoja, haimaanishi asidi iko kidogo. Ukiipa muda na kitu cha kuila, italeta yote. Na chumvi ya pilipili ilisaidia, maana aluminiumu iko na ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda na chumvi inaitoboa, ile ya vidoti vidoti. Kwa hiyo achari na pilipili ya vinegri iweke mu kioo ama plastiki ya chakula.

Ukitaka kuendelea na darasa, rudia na maji ya sitroni yaliyochujwa. Carl Scheele alitoa asidi sitiriki mu sitroni mu 1784. Hiyo iko na vichwa COOH vitatu ku molekuli moja ya gramu 192, kila kichwa kinadai bikarbonati yake, kwa hiyo ni gramu 64 kwa gramu 84, na namba ya kuzidisha inakuwa 1,52 badala ya 1,43. Waache wanafunzi waitafute wenyewe, ni zoezi nzuri kuliko ya ku kitabu.

Mambo ya usalama, haya siyachezei

Usichanganye vinegri na javeli hata siku moja, hata kwa kusafisha choo. Inatoa gesi ya klori, na mu choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kukuangusha. Wengi wanachanganya wakifikiri viwili pamoja vinasafisha zaidi.

Asidi asetiki safi, ile ya chupa ya labo, si vinegri. Inachoma ngozi na macho, mvuke wake unakata pumzi. Inaganda ku 16,6, kwa hiyo mu labo baridi asubuhi ya kiangazi unaweza kuikuta imekuwa kama barafu, usipige chupa wala kuiweka ku moto, weka mu maji ya vuguvugu taratibu. Na ukitaka kuipunguza, asidi inaingia mu maji, polepole, si maji mu asidi. Kama mtu anakuuzia asidi kali ku chupa ya maji ya kunywa bila etiketi, kataa, watoto wanakunywa vitu hivyo.

Kuhifadhi na kutumia

Ikifika 4 ama zaidi na haipandi tena wiki mbili mfululizo, itoe. Ukiiacha kwa hewa baada ya pombe kuisha, baadhi ya bakteria wanaanza kula asidi yenyewe na kuigeuza CO2 na maji, kazi yako yote inapotea hewani. Chuja, pasha mu sufuria ya inoksi mpaka 65 hivi kwa dakika 10, isichemke, tia mu chupa za kioo, jaza mpaka shingoni, na hapa sasa kaza kifuniko, juu oksijeni hatuitaki tena. Andika ku chupa tarehe na ile namba ya asidi uliyopima. Kwa pilipili na achari ya kukaa muda mrefu nataka 5 ama zaidi na sipunguzi na maji, chini ya hapo tumia mu saladi, mu samaki, ama kutoa ile gamba nyeupe mu birika: tia kikombe, pasha, ngoja, utasikia inalia, ni kabonati ya kalisi inaachia CO2, povu ileile ya bikarbonati.

Na mbele ya kupasha moto, toa nusu litre pamoja na kipande cha ule utando, weka pembeni mu bokali iliyofunikwa kitambaa, na uiongezee kasiksi kidogo kila wiki mbili. Hiyo njo mbegu yako ya ndoo inayofuata, haitachukua wiki 8 tena, na jirani akija kuomba unayo ya kumpa.